Sauti ya Mzee Sitaki

Ukitaka kumjua mkulima wa nchi hii, usimtafute kwenye filamu. Huko utakutana na mtu mwenye kofia ya pama iliyotoboka na suruali iliyofungwa kwa kamba ya katani, na kila akitaka kusema neno lazima akohoe kwanza. Hata kwenye michezo ya redio, ambako hakuna anayemwona, mkulima anakohoa. Nani aliyewaambia watunzi kwamba jembe linaleta kikohozi, Mungu ndiye anayejua. Tunachojua sisi ni kwamba pale Sumbawanga kikohozi hicho alikuwa nacho Herman, na hakuna aliyemfikia.

Herman alikaa mtaa wa Katandala na mkewe Cornelia, muuza maharage, na alikuwa na shamba la kukodi nje kidogo ya mji. Kilimo chake hakikuwa na cha kuchekwa. Maksai wake walimsikia, alipanda kwa mistari, na jirani akitaka mbegu nzuri ya maharage alijua mlango wa kugonga. Lakini ukitembea naye mtaani hutasikia jina alilobatizwa hata mara moja. Watoto wakimwona tu, "Sitakiii!" Vijana wa bodaboda wakipita wanapunguza mwendo: "Mzee Sitaki, mbolea vipi leo?" Na Herman, kwa kuwa mtu akikuomba kicheko ni vigumu kumnyima, alikunja mgongo, akanyoosha kidole, akatoa ile sauti nyembamba inayokwaruza na kupanda juu mwishoni: "Sitaki! Nilikuwepo kabla yenu!" Mtaa mzima hoi.

Mambo hayo yalianzia kwenye maonesho. Kila mwaka mwezi wa saba, kabla watu hawajafungasha kwenda Mbeya kwenye Nane Nane, wakulima wa huku hufanya maonesho yao hapa hapa mjini. Kuna mabanda ya mbegu, ng'ombe waliopigwa brashi, vipando vya mahindi yaliyomwagiliwa kwa ndoo mpaka yakasimama mabichi wakati nchi nzima imekauka, na kuna michezo ya kuigiza. Mchezo ni ule ule, unabadilishwa nguo tu. Anatoka mkulima wa kisasa, buti safi, anaeleza mbegu bora. Anatoka mkulima wa zamani, anakataa. Wa kisasa anavuna, wa zamani analia njaa, ngoma inapigwa, watu wanakwenda kununua soda.

Mwaka mmoja mkulima wa zamani alikunywa pombe ya komoni tangu asubuhi, akalala nyuma ya banda la kuku, hakuamshika. Mwalimu Suma, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha maigizo, alimwona Herman amesimama na gunia lake la maharage. Suma ni mtu wa Mbeya, mwalimu wa shule ya msingi, mwepesi wa kuamua. Alimvisha Herman koti bovu, akamsukuma uwanjani. Herman akajikwaa kwenye waya wa spika, akaanguka kweli kweli, watu wakaangua kicheko. Alipoinuka hakukumbuka neno hata moja aliloambiwa. Akafungua kinywa, ikatoka ile sauti. Hakuipanga. Ilikuwa tu imekaa mahali fulani ndani yake, ikapata mlango.

Kicheko cha watu wengi ni kama komoni yenyewe, ukionja unarudi. Herman alirudi mwaka uliofuata na mwingine baada ya huo. Na kwa kuwa hakuwa mjinga, alijua sauti ile ni ya nani. Ile ilikuwa sauti ya mama yake.

Mama yake ni Bibi Margareth wa kijiji kimoja upande wa Kaengesa. Alikuwa mama mfupi, mgongo umepinda kwa kazi, kidole hakitulii akisema, na neno "sitaki" lilikuwa mlango wa nyumba yake: ukitaka kuingia lazima kwanza ukutane nalo. Mbolea ya dukani, sitaki. Kuhamia mjini, sitaki. Yeye alilima ntumba kama alivyofundishwa. Mvua zikielekea kwisha na nyasi zimesimama, unazing'oa, unazikusanya kwa duara, unageuza udongo juu yake bonge kwa bonge mpaka nyasi zote zinafukiwa na linabaki tuta la mviringo. Zinaozea humo. Msimu unaofuata unalitawanya, unapanda ulezi. Kazi hiyo inakula mgongo, lakini ulezi wa Bibi Margareth ulikuwa ukiulizwa hata na watu wa parokia.

Herman hakuwa na nia mbaya. Aliikopa sauti ya mama yake kama mtoto anavyokopa shuka ya mama kuchezea, bila kuomba. Tatizo ni kwamba majirani wa kijijini nao huja mjini kwenye maonesho. Walirudi wakicheka, wakamwambia mama: "Tumekuona Sumbawanga! Herman anakutoa wewe mtupu!"

Bibi Margareth hakugomba, na hilo lilikuwa la kutisha, maana alikuwa mtu wa kugomba. Msimu wa ntumba ulipofika Herman akaenda kumsaidia kama alivyofanya kila mwaka, jembe begani. Mama akampokea vizuri. Akampa kiti, akapika ugali na kumkaangia samaki wa Wampembe, wa kule ziwani, aliowaweka kwa ajili ya wageni, kisha akalichukua jembe la Herman na kuliegesha nyuma ya mlango.

"Mama, twende basi shambani."

"Wewe kaa. Umetoka mbali."

"Nimetoka Katandala tu, mama."

"Kaa, mwanangu. Kula."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Herman alirudi tena na tena, na kila akifika ilikuwa siku ya kwanza. Alipewa kiti, alipewa samaki, shamba hakukanyaga. Alikaa barazani akimtazama mama yake kwa mbali akiinama na kuinuka, na matuta yakizidi kuwa machache kila mwaka. Wanawake wenzake walimsaidia. Mwanawe mwenyewe, mwenye mikono miwili mizima, alikaa kwenye kiti kama mkaguzi. Ilimuuma sana. Akirudi nyumbani alimwambia Cornelia samaki alikuwa mtamu, na Cornelia, ambaye hakuolewa jana, hakuuliza zaidi.

Kwa nini basi hakuacha kuigiza? Swali zuri. Cornelia alimuuliza hilo hilo. Herman akajibu kwamba watu wanampenda Mzee Sitaki. Cornelia akasema, "Watu hao hawakukuzaa." Lakini maneno ya mke yanaingia polepole, na kicheko kinaingia haraka.

Sasa tufike mwaka jana. Mwalimu Suma alikuja na mchezo mpya. Kikundi kitakachoshinda kingepelekwa Mbeya, kwenye uwanja mkubwa, na Suma alikuwa akiiwaza Mbeya kama mtu anayewaza kurudi kwao na koti jipya. Tena Abdulnasir angepiga picha. Huyu ni kijana wa Kiislamu wa pale mjini, familia yake ina duka la vifaa vya ujenzi, yeye kachagua kamera. Vichekesho vyake vinatazamwa kwenye simu mpaka Mpanda. Katika mchezo huo mpya Mzee Sitaki angetengeneza ntumba uwanjani, akikohoa, akilalamika, wakati mkulima wa kisasa, aliyeigizwa na Masunga, anapita na kunyunyiza dawa kwa pampu. Mwisho Mzee angeanguka kifudifudi ndani ya tuta lake mwenyewe, nyasi kichwani. Udongo ulimwagiwa maji ili ulainike, na nyasi zikaletwa kwa mkokoteni.

Asubuhi ya maonesho, baridi ya mwezi wa saba ikiwa haina adabu kabisa, Herman alipita kwenye mabanda akiwa ameshika koti lake bovu. Kwenye banda la vyakula vya asili akasikia anaitwa kwa jina la ubatizo. Akageuka. Mama yake alikuwa amekaa nyuma ya ungo wa ulezi, kanga mbili mabegani, na wanawake wenzake wa kikundi cha kijijini. Walikuwa wamealikwa kuonesha mbegu zao. Hakuna aliyemwambia Herman.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona hukusema unakuja?"

"Nimeitwa, nikaja." Mama akalitazama lile koti. "Na wewe umeitwa?"

Herman alijibu ndiyo, mama. Miaka yote hiyo alikuwa akimwigiza mama yake mbele ya watu wote isipokuwa mama yake.

Alimkimbilia Suma. "Mwalimu, leo ntumba tuitoe. Niigize kitu kingine. Hata ulevi nitaigiza."

"Ntumba ndiyo mchezo wenyewe," Suma alisema. "Tukiitoa kinabaki nini? Masunga na pampu?"

"Mama yangu yupo."

Suma akamshika bega. Hakuwa mtu mbaya. "Herman, mimi babu yangu nilimwigiza mpaka akafa. Ni mchezo tu. Mama atacheka."

"Humjui."

"Vijana wamefanya mazoezi tangu mwezi wa tano. Nikawaambie nini?"

Herman aliwatazama wale vijana wamevaa fulana zao mpya. Akavaa koti.

Mshereheshaji alipotaja jina la Mzee Sitaki uwanja ulilipuka. Watu walijaa mpaka kwenye kamba. Abdulnasir alichuchumaa mbele na kamera yake. Herman akatoka, akakohoa, watu wakacheka. Akachechemea mpaka kwenye rundo la nyasi, wakacheka tena. Ndipo akainua macho na kumwona mama yake. Wanawake wa banda la asili walikuwa wameacha nyungo zao na kuja kutazama, nao walisimama mbele kabisa, mama katikati, mikono ameifumbata ndani ya kanga.

Masunga akatoa neno lake kwa sauti kubwa: "Mzee wangu, acha hayo, chukua mbegu bora!"

Hapo ndipo Herman alipaswa kusema. Akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Alijaribu tena, akahisi kama mtu anayetaka kuiba wakati mwenye mali amesimama mlangoni anamtazama. Masunga, maskini, akarudia: "Nimesema, chukua mbegu bora!"

Mtu akikosa la kusema, mikono hutafuta kazi. Herman akainama, akaanza kuzikusanya nyasi. Akaziweka kwa duara, mashina nje, vichwa ndani. Akashika jembe, akakata bonge la udongo, akaligeuza juu ya nyasi, akalipiga kwa upande wa jembe likakaa. Akakata la pili. Hakukohoa. Hakuchechemea. Watu walisubiri aanguke, wengine wakaanza kupiga miluzi. Suma pembeni alikuwa akimwonesha kwa mikono: anguka, bwana, anguka! Herman hakumwona. Alikuwa akilima.

Sasa hapa lazima mjue kitu. Kijijini kwa akina Bibi Margareth mtu anayefanya ntumba hapitwi hivi hivi. Hata kama unawahi misa, unaweka mzigo chini, unageuza bonge moja, unasema pole na kazi, ndipo unaendelea na safari. Kumpita mtu aliye peke yake kwenye ntumba ni sawa na kumpita mtu aliyeanguka njiani. Na wale mama tangu asubuhi walikuwa wametembezwa kwenye mabanda kuoneshwa vitu: hapa wanaonesha kukamua, pale wanaonesha kupandikiza migomba. Walipomwona mtu anafanya ntumba katikati ya uwanja, na anaifanya vizuri, hawakuwa na shaka kwamba hilo nalo ni onesho. Kilichowashangaza ni kwamba mamia ya watu wamesimama wanamtazama na hakuna anayemsaidia.

"Watu gani hawa?" alisema mmoja wao. Akainua kamba, akapita chini yake.

Akaingia uwanjani, akainama, akageuza bonge kwa mikono. "Pole na kazi." Nyuma yake akaingia mwingine, na mwingine, kanga zimefungwa kiunoni. Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, na kwamba Mwalimu Suma mwaka huu kajipita mwenyewe. Masunga hakujua afanye nini, akaendelea kupuliza maji hewani kwa pampu. Mmoja wa wale mama akaanza wimbo wa kazi, wenzake wakaupokea, na mabonge yakaanza kushuka kwa mapigo yake.

Bibi Margareth peke yake alibaki kwenye kamba. Herman alijua bila kutazama. Alijua pia kwamba mama asipoingia sasa hataingia tena, wala yeye hataruhusiwa kukanyaga shamba lile mpaka siku ya kumzika mama yake. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Akaendelea kugeuza udongo, kichwa chini.

Ndipo akaona kando ya mkono wake miguu miwili anayoijua, yenye nyufa.

"Sogea," mama alisema.

Herman akasogea. Mama akainama kwa taabu, akashika bonge, akaligeuza, akalikandamiza kwa viganja. Kisha jingine. Watu walicheka mpaka wakachoka kucheka, na walipochoka wakabaki wanatazama tu, wengine wakiitikia wimbo. Tuta lilipofunikwa lote mshereheshaji akatangaza kwamba muda umekwisha. Mkulima wa kisasa hakuvuna, wa zamani hakulia njaa, na hakuna aliyejifunza lolote kuhusu mbegu bora.

Mbeya ilikwenda kwaya ya shule fulani, yenye ngonjera kuhusu samaki wa kufugwa. Suma alivua kofia, akaipiga kwenye goti, akaivaa tena. "Umenimaliza, Herman," alisema, na macho yalikuwa yamemwiva. Vijana wakavua fulana zao kimya kimya. Herman aliwaomba radhi mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja aliyemtukana, jambo ambalo lingekuwa rahisi zaidi kulibeba. Abdulnasir ndiye pekee aliyefurahi. Kabla jua halijageuka alikuwa ameshakata kipande cha mabibi wanavamia uwanja, ameweka na sauti ya mbuzi, na simu zikaanza kulia vicheko banda kwa banda.

Herman alimkuta mama nyuma ya banda la asili, amekaa juu ya kiroba cha ulezi akisubiri gari la kuwarudisha kijijini. Udongo ulikuwa bado umemkaukia mikononi. Herman akachuchumaa mbele yake, koti bovu amelikunja kwapani.

"Mama, nisamehe."

Mama alikuwa akijibandua udongo kwenye kidole. "Ile sauti," alisema. "Leo hukuitoa."

"Sitaitoa tena."

"Watu wote wa kijiji wameisikia. Watoto wa shule wanaijua. Mimi tu ndiye sijaisikia, na wanasema ni yangu." Akamtazama. "Itoe."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema itoe."

Kuna amri ambazo mtu hazikatai hata akiwa na mvi. Herman akatazama kama kuna anayesikiliza. Akakunja mgongo, akanyoosha kidole, na kwa chini chini, kwa aibu, akasema: "Sitaki. Nilikuwepo kabla yenu."

Mama hakucheka, wala hakukasirika. Mikono yake ilisimama. Alikaa hivyo mpaka Herman akaogopa, akamshika goti.

"Hiyo siyo yangu," mama alisema. "Huyo ni mama yangu."

Herman hakuelewa. Bibi yake alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa wa huyo bibi, aliyekuwa akilima naye shambani, mama akiwa amelazwa wodini kwa miezi. Hakuukumbuka uso wake wala jina alilokuwa akimwita. Hapakuwa na picha yake.

"Wanasema ni mimi kwa sababu nimezeeka, nimekuwa kama yeye," mama alisema. "Lakini hapo mwishoni, inapopanda, mimi sipandishi hivyo. Ni yeye. Nilikuwa nimeisahau kabisa, Herman. Nikimwota haongei."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa nyuma ya kiganja, yakaacha mstari wa udongo shavuni. Honi ya gari ikalia. Wenzake walikuwa wameshapanda na walikuwa wanamwita. Herman akambebea kiroba, akamshika mkono mpaka kwenye gari, akampandisha. Mama akakaa vizuri, akaifunga kanga, kisha akainama ukingoni.

"Mwezi wa tatu, nyasi zikisimama, uje tulime," alisema. "Na tukiwa kule shambani, uwe unasema kama yeye."